Alamu Imelia, Nani Ameamka? Maswali Yenu Kuhusu Zabbix

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu Zabbix, programu ya bure ya kufuatilia mtandao iliyoanzia Latvia, ambayo Alexei Vladishev aliitoa kwa leseni huria mwaka 2001. Wengi mnaoniandikia mnatunza mitandao peke yenu: shule, hoteli, hospitali ya wilaya, mtoa huduma wa Wi-Fi mtaani. Mtu mmoja hawezi kukesha akitazama skrini, kwa hiyo alamu ndiyo macho yake. Majina ya menyu nitakayotaja ni ya toleo la 7.0. Mwenye toleo la zamani atakuta mpangilio umepishana kidogo.

Shikamoo mwalimu. Nimeweka Zabbix hapa shuleni, swichi na ruta zote zinaonekana. Nikichomoa waya wa swichi ya maabara, tatizo linatokea kwenye skrini, lakini haiji meseji wala barua pepe. Nimekosea wapi? (Mwanza)

Marahaba. Hujakosea, umeishia katikati ya njia. Kwenye Zabbix kuona tatizo ni kazi moja na kumwambia mtu ni kazi nyingine. Kifaa kinapimwa (swichi inayounganisha kompyuta za jengo, au ruta inayounganisha mtandao mmoja na mwingine), kipimo kinalinganishwa na triga, yaani sharti linalosema "hapa pana tatizo", na sharti likitimia tatizo linaandikwa. Hapo ndipo ulipofika. Ili habari itoke nje ya skrini panahitajika vitu vingine, na kimoja kikikosekana programu inanyamaza tu.

Anza na kanuni ya kutuma. Fungua Alerts, kisha Actions, kisha Trigger actions. Utakuta kanuni moja iliyokuja na programu, jina lake "Report problems to Zabbix administrators". Angalia safu ya hali yake: imezimwa. Ndivyo inavyokuja tangu siku unapoweka programu, na nadhani nusu ya watu walioniuliza swali lako walikuwa hawajaigusa. Ibofye iwake.

Kisha njia ya kupitishia ujumbe. Iko hapo hapo kwenye Alerts, chini ya Media types. Chagua barua pepe au Telegram, jaza taarifa zake, hakikisha imewashwa, halafu bonyeza Test iliyo mwisho wa mstari. Usiendelee mpaka jaribio hilo likubali. Likigoma, shida iko kwenye nenosiri la barua pepe au tokeni ya boti (ufunguo wa akaunti ya Telegram inayotuma), kwa hiyo usihangaike na triga.

Baada ya hapo weka anwani yako wewe mwenyewe. Ingia Users, fungua akaunti yako, nenda kwenye kichupo cha Media. Hapo unaandika anwani, unaweka siku na saa (1-7,00:00-24:00 maana yake wiki nzima, usiku na mchana), na unaweka tiki kwenye viwango vya uzito unavyotaka kupokea. Viwango ni sita: isiyopangwa, taarifa, onyo, wastani, kubwa na janga.

Kuna na ruhusa, na hii iliwahi kunipotezea Jumamosi nzima. Kama akaunti inayotakiwa kupokea ujumbe si ya msimamizi mkuu, lazima kundi lake liwe na ruhusa, angalau ya kusoma, juu ya kundi la vifaa husika. Bila hiyo mtu hatumiwi kitu, hata kama kila kingine kimekaa sawa.

Sasa chomoa waya tena na usubiri. Kiolezo cha pingi kinachokuja na programu (seti ya vipimo iliyokwisha kuandaliwa, ya kukiuliza kifaa kama kipo) kinataka majaribio matatu ya mfululizo yafeli ndipo kiseme kifaa hakipatikani, na pingi inapigwa kila dakika, kwa hiyo dakika mbili tatu ni za kawaida. Ikipita hapo kimya, fungua Reports, kisha Action log. Kila ujumbe uliojaribiwa kutumwa umeandikwa humo, na ulioshindikana unaonyesha kosa lake. Kama orodha ni tupu kabisa, rudi kwenye kanuni, ruhusa na anwani. Kama ina mistari myekundu, rudi kwenye njia ya kupitishia ujumbe.

Kaka, umeme ukikatika usiku simu yangu inapokea meseji zaidi ya mia. Nimeamua kuzima sauti nikilala. Unanishauri nini? (Morogoro)

Ndugu yangu, kwa kuzima sauti umebaki huna alamu kabisa. Sikulaumu, maana nimeyaona haya kwa macho yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu kwa mtoa huduma mmoja mdogo. Tulikuwa na mnara mmoja kilimani wenye ruta moja, na nyuma ya ruta hiyo swichi za wateja wapatao arobaini. Saa nane usiku simu ikaanza kutetemeka juu ya stuli mpaka ikaanguka sakafuni. Nilipoiokota ilikuwa na meseji 43. Ya juu kabisa ilimtaja mteja wa duka la dawa mjini, basi mwenzangu akawasha pikipiki akaenda huko. Meseji ya ruta ya kilimani, iliyobeba habari yote, ilikuwa ya tatu kutoka chini. Betri ya mnara ndiyo iliyokwisha. Tulijua karibu na adhana ya alfajiri.

Tiba ya kwanza ni kuifundisha Zabbix nani yuko nyuma ya nani. Fungua triga ya swichi ya mteja, nenda kwenye kichupo cha Dependencies, ongeza triga ya ruta ya mnara. Kuanzia hapo, ruta ikiwa tayari ina tatizo, triga za swichi zilizo nyuma yake hazitatuma ujumbe. Usiku ule tungepata meseji moja.

Kuna mtego hapo, na mafunzo mengi yanauruka. Utegemezi unafanya kazi kama ruta imeshatambuliwa kuwa chini. Swichi ikipimwa sekunde chache kabla ya ruta, itatangulia kulia. Kwa hiyo mpe mzazi sharti fupi na mtoto sharti refu: ruta ihesabiwe chini baada ya pingi mbili kufeli, swichi baada ya tano. Tofauti hiyo ya dakika tatu haimuumizi mteja yeyote usiku wa manane.

Tiba ya pili ni umeme wenyewe. Kama UPS yako (betri ya akiba ya vifaa) ina kadi ya mtandao, huzungumza SNMP, lugha ya kuuliza vifaa hali zao, kama ruta, na karibu zote hueleza mambo mawili unayoyahitaji: zinatumia umeme wa gridi au betri, na betri imebakiza dakika ngapi. Tengeneza alamu mbili tofauti. "Tumehamia kwenye betri" iwe onyo, ibaki kwenye skrini. "Betri imebakiza chini ya dakika 20" iwe janga, impigie mtu, kwa sababu ndani ya dakika hizo mlinzi anaweza kuamshwa akawasha jenereta. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila alamu: je, yupo mtu atakayeipokea, na ana jambo la kufanya sasa hivi? Kama hana, ishushe iwe taarifa, asubuhi utaikuta.

Kila Jumatatu fungua Reports, kisha Top 100 triggers. Tatu za juu ndizo zinazokunyima usingizi. Zitengeneze, kifaa au sharti, kimoja kati ya hivyo kina kasoro. Baada ya mwezi utairudisha sauti ya simu bila wasiwasi.

Meseji inasema tatizo lilianza 23:14. Askari wa getini anaapa umeme ulikatika saa nane usiku. Nimwamini nani? (Mombasa)

Waamini wote wawili. Seva yako, yaani kompyuta inayoendesha Zabbix, inasoma saa za UTC, saa za msingi za dunia. Ongeza saa tatu upate saa za Afrika Mashariki: 02:14, ambayo kwa hesabu yetu ni saa nane na dakika kumi na nne usiku. Askari yuko sahihi kabisa.

Angalia na tarehe pia. Meseji itasema tarehe 3 ilhali kwenu ilikuwa imeshaingia tarehe 4, na ukimwandikia bosi ripoti bila kulitazama hilo, mtabishana bure. Rekebisha sehemu tatu: saa ya seva yenyewe kwa amri ya timedatectl set-timezone Africa/Nairobi, saa ya Zabbix kwenye Administration, General, GUI, na saa kwenye wasifu wa kila mtumiaji. Halafu elekeza ruta na swichi zote kwenye seva moja ya NTP, inayosawazisha saa za vifaa. Bila hivyo utasoma kumbukumbu za vifaa viwili na kuona athari imetangulia chanzo.

Tunalipia intaneti ya Mbps 50. Kila saa nne asubuhi wafanyakazi wanalalamika kwamba mtandao mzito, lakini alamu ya matumizi makubwa haijawahi kulia hata mara moja. Imeharibika? (Arusha)

Nzima kabisa, ila imepewa namba isiyo yako. Zabbix inaiuliza ruta kasi ya poti, yaani tundu la waya, na poti yako ni ya gigabiti moja, kwa hiyo ruta inajibu Mbps 1,000 (megabiti elfu moja kwa sekunde). Kiolezo kinachukua asilimia 90 hivi ya hiyo. Wewe hata ukitumia kila tone unalolipia, utafika asilimia 5 tu ya poti. Alamu hiyo ingesubiri milele.

Andika triga yako mwenyewe kwa namba ya mkataba. Asilimia 85 ya Mbps 50 ni 42.5, basi sharti liseme wastani wa dakika 15 ukizidi hapo, lia:

avg(/Ruta-ofisi/net.if.in[ifHCInOctets.1],15m)>42500000

Jina la kifaa na namba ya poti weka za kwako. Namba iandike nzima kama nilivyofanya. Ukiandika M badala ya sufuri, ndani ya triga Zabbix inazidisha kwa 1,024 mara mbili na hesabu inasogea. Na wastani wa dakika 15 usiupunguze sana, maana mtu mmoja akipakua faili kwa dakika moja hajavunja sheria.

Uangalie pia hizo herufi HC ndani ya ifHCInOctets. Kaunta ya zamani ya SNMP, inayohesabu data iliyopita kwenye poti, ina biti 32, na kwenye linki ya gigabiti iliyojaa inazunguka na kuanza upya kila baada ya sekunde 34 hivi. Ukipima kila dakika unapata takataka. Yenye HC ina biti 64. Violezo vipya vinatumia hiyo, lakini nimekuta mafundi walionakili vipimo kutoka kwenye mafunzo ya zamani.

Usiku nilipokea meseji kwamba chumba cha seva kina joto kali. Asubuhi nimefungua ukurasa wa matatizo, hakuna kitu. Programu ilinidanganya? (Zanzibar)

Hapana. Joto lilishuka na tatizo likafungwa lenyewe. Ukurasa wa Monitoring, Problems unaonyesha yaliyo wazi pamoja na yaliyofungwa dakika chache zilizopita. Kule juu kwenye kichujio chagua History, weka muda wa jana usiku, utaliona, pamoja na lilivyodumu.

Ukiona lilifunguka na kufungwa mara kumi kwa usiku mmoja, sharti lako lina mstari mmoja tu: juu ya 30 ni tatizo, chini ya 30 ni salama, na joto linacheza hapo hapo. Ipe triga sharti la pili la kupona, mathalani lisifungwe mpaka joto lishuke chini ya 27. Kisha mwite fundi wa kiyoyozi. Kwa joto la kwenu mwezi wa Februari, huo ndio ujumbe wenyewe.

Nina kazi ya kubadilisha swichi Jumamosi usiku. Nizime triga zote kwanza? (Dodoma)

Usizizime, utasahau kuziwasha. Ingia Data collection, kisha Maintenance, weka muda wa kuanza na kuisha, chagua vifaa, na uache vipimo viendelee kukusanywa. Ujumbe utasimama kwa muda huo tu, na muda ukiisha wenyewe unarudi.

Nimewezesha trapu kwenye swichi zote ili nisisubiri pingi. Nimechomoa poti, Zabbix haioni. Halafu, trapu zinatosha peke yake? (Kigoma)

Kupima ni Zabbix kuuliza kila dakika, "Uko hapo?" Trapu ni swichi yenyewe kupaza sauti, "Poti namba saba imezima!" Ni ya haraka, lakini ina safari yake. Hakikisha swichi imeambiwa ipeleke wapi. Kwenye Cisco, snmp-server enable traps bila mstari wa snmp-server host haimfikii mtu. Seva iruhusu mlango wa UDP 162 ambako trapu huingilia, programu ya snmptrapd iwe inapokea, StartSNMPTrapper iwe 1 kwenye faili ya mipangilio, na kifaa kiwe kimesajiliwa Zabbix kwa anwani ile ile ya IP inayotumika kutuma. Mara nyingi swichi hutuma kwa anwani nyingine kabisa kati ya zile ilizonazo. Ongeza na kipimo cha snmptrap.fallback, kinakamata trapu za kifaa hicho zilizokosa pa kuangukia.

Zinatosha? La. Trapu ya kawaida inakwenda kwa UDP bila stakabadhi, ikipotea njiani hakuna atakayejua. Na swichi iliyokatikiwa umeme ghafla huenda isipate hata nafasi ya kupaza sauti. Tumia vyote viwili: trapu kwa haraka, pingi kwa uhakika.

Mei 2024 intaneti ilikuwa mbaya siku nzima, ila ruta zetu zote zilikuwa kijani. Alamu zina faida gani basi? (Nairobi)

Swali la haki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na watumiaji wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani wakaumia. Ruta yako ilikuwa kijani kwa sababu ilikuwa nzima, na waya wa kwenda kwa mtoa huduma ulikuwa mzima. Maumivu yalikuwa mbali zaidi, na huko hukuwa na jicho.

Sajili vifaa visivyo vyako. Kimoja kiwe ruta ya kwanza ya mtoa huduma, kingine anwani iliyo ndani ya nchi, kingine iliyo Ulaya. Vipime kwa pingi, na utazame upotevu wa pakiti (vipande vya data) na muda wa kwenda na kurudi. Ya ndani ikiwa nzuri na ya Ulaya ikiwa imepoteza theluthi ya pakiti, unajua papo hapo kwamba si swichi yako wala si mtoa huduma wa mtaani, na unawaambia wafanyakazi ukweli kabla hawajapanga foleni mlangoni.

Kwa anwani ya Ulaya badilisha kikomo. Kiolezo kinaonya muda ukizidi milisekunde 150 au upotevu ukizidi asilimia 20. Kutoka pwani yetu hadi London, 150 ni karibu na hali ya kawaida, na alamu italia kila siku mpaka uizoee. Kusanya vipimo vya wiki mbili bila alamu, tazama grafu, ndipo uweke mstari wako juu ya kilele cha kawaida.

Na seva ya Zabbix yenyewe ikizima, nani ataniambia? (Bukoba)

Kwa sasa, hakuna. Ukiona simu kimya, utadhani mambo ni mazuri. Hata seva ikiwa hai, intaneti ya ofisi ikikatika ujumbe wa Telegram hauna pa kutokea, na hiyo ndiyo saa unayouhitaji kuliko zote.

Kwa la pili, Zabbix inajua kutuma SMS kupitia modemu ya GSM iliyochomekwa kwenye seva. Nunua modemu ndogo, weka laini yenye salio, iwekee njia yake kwenye Media types, na ielekeze kwa alamu za kiwango cha janga peke yake. Salio likaguliwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, kila tarehe mosi.

Kwa la kwanza, tafuta seva ndogo ya kukodi nje ya ofisi, au mwenzako wa mji mwingine mwenye Zabbix yake. Yeye apige pingi ruta yenu, nawe upige ya kwake, na kila mmoja awe na namba ya simu ya mwenzake. Mimi nimepeana zamu ya namna hiyo na rafiki aliyeko Tanga. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya saa za kazi, kila mmoja wetu anazima seva yake kwa makusudi na kusubiri simu. Mwezi uliopita simu yake ilinifikia baada ya dakika sita. Tulikubaliana zisizidi tano, kwa hiyo ameshalipunguza sharti lake na Ijumaa ijayo tunajaribu tena.